Chumba kimoja juu: pesa za kupanua nyumba Lamu huenda wapi

Barazani, kuanzia Mkomani hadi Langoni, wiki haipiti bila mtu kuuliza: kuongeza chumba kimoja kutanila pesa ngapi? Kila aliyekaa ana jibu. Mmoja anaapa kwamba shemeji yake alimaliza kwa laki nne na chenji ikabaki. Wa pili anacheka, laki nne hazimalizi hata slabu. Wa tatu ana bei ya futi mraba aliyotumiwa kwenye simu na mtu anayejenga Kitengela, huko bara karibu na Nairobi. Huenda wote watatu wanasema kweli, na muulizaji bado anaondoka hajui lolote.

Wanalinganisha visivyolingana. Chukua chumba kilichounganishwa ubavuni mwa nyumba ya Wiyoni, penye nafasi na mchanga unamwagwa karibu na mlango. Chukua kingine kilichopandishwa juu ya nyumba ya mawe ndani ya kichochoro cha Mkomani. Vinaweza kuwa na upana mmoja, mlango mmoja na rangi moja, na bado cha pili kikala pesa nyingi zaidi kwa mbali. Tofauti imo kwenye njia ya kufikisha vifaa na kwenye nyumba iliyo chini, na hesabu ya wengi wetu huanza na rangi ya ukuta.

Bei za dukani sitazitaja, maana zitakuwa zimebadilika kabla makala haya hayajasomwa na watu kumi. Nitatoa vipimo, na kila mmoja aweke bei anayopewa siku hiyo.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Makadirio ni kauli ya mtu aliyeangalia mahali na kukisia, hayamfungi yeyote. Bei ya kazi ni kiasi ambacho fundi amekubali, kwa maandishi, kwa kazi iliyoorodheshwa. Bajeti ni pesa zote zitakazotoka mfukoni mwako mpaka siku utakapolala ndani ya chumba hicho: kibali, ukaguzi, mashua, punda, hamali, chai ya vibarua, taa, bomba, na kile ambacho hakuna aliyekitarajia. Mtu aliyepewa bei ya kazi akaichukua kuwa ndiyo bajeti yake ndiye yule ambaye kuta zake zimesimama bila paa tangu mwaka juzi.

Kuna na neno la nne, ambalo mafundi hulitamka BQ. Ni karatasi inayotaja kila kifaa na kila kazi kwa kipimo chake: mawe mangapi, mita ngapi za mraba za plasta, vyuma vya unene gani. Wataalamu wake ni wakadiriaji wa ujenzi, na nchini Kenya husajiliwa na bodi moja na wasanifu majengo. Kwa chumba kimoja wengi huona ni gharama ya bure. Mimi naona kinyume chake. Bila karatasi hiyo huwezi kulinganisha mafundi wawili, kwa sababu mmoja amehesabu plasta ya pande mbili na mwenzake ya upande mmoja, na wewe unaona tu kwamba wa pili ni rahisi.

Uzito kabla ya shilingi

Tuchukue chumba cha mita 3 kwa 4, karibu futi 10 kwa 13, kinachojengwa juu ya nyumba iliyopo, na tuseme sakafu yake ni slabu ya zege yenye unene wa sentimita 15. Tatu mara nne mara 0.15 ni mita za ujazo 1.8. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa simiti moja, mchanga mbili, kokoto nne, zege hilo linahitaji mifuko 11 hadi 12 ya simiti ya kilo 50, mchanga karibu mita ya ujazo 0.8, na kokoto karibu mara mbili ya hiyo.

Zege lina uzito wa kilo 2,400 hivi kwa kila mita ya ujazo. Slabu yako basi ina zaidi ya tani 4, na hatujaweka hata jiwe moja la ukuta.

Kuta sasa. Chumba hicho kina mzunguko wa mita 14. Zikipanda mita 2.7, toa mlango na madirisha mawili, unabaki na mita za mraba 34 hivi. Mawe yenye uso wa sentimita 40 kwa 20 huenda 12 na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo unahitaji 425, na ukiongeza yatakayovunjika njiani fanya 450. Mawe ya Manda hayalingani, mengine mazito mengine mepesi, lakini hata tukichukua kilo 20 kwa jiwe, kuta peke yake ni tani 9. Jumla tumeshapita tani 13. Mchanga wa kujengea mawe, plasta, paa na vitu vya ndani bado.

Sasa tani hizo zifikishe nyumbani. Mawe yanachongwa Maweni, kisiwani Manda, yanapakiwa kwenye mashua au jahazi, yanashushwa ufukweni Lamu, yanahesabiwa, yanapakiwa punda, yanaingia vichochoro ambavyo gari halipiti, yanatuliwa mlangoni, kisha yanapandishwa ngazi kichwani. Simiti na vyuma vinakuja kwa lori hadi Mokowe, upande wa bara, na kuvuka kwa maji. Kila mkono unaopokea mzigo una ujira wake. Ukimpakia punda kilo 80, ambazo ni mawe manne, slabu na kuta tulizohesabu ni safari zaidi ya 160 kutoka ufukweni. Na anayekuambia punda wake atabeba zaidi ili apunguze safari, mkatalie. Hospitali ya punda iliyopo mjini tangu mwaka 1987 haikuwekwa pale kwa mapambo.

Ndiyo maana bei ya Kitengela haina kazi hapa. Kule lori linamwaga kokoto mita tano kutoka kwenye shimo la msingi. Unapoulizia bei Lamu, uliza ni bei ya wapi: ufukweni, mlangoni, au juu darini? Mawe yenye bei nzuri Manda yanaweza kuwa ya bei mbaya yakifika chumbani, na muuzaji hatakuwa amekudanganya hata kidogo.

Majira nayo yana sehemu yake. Masika huanza Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Kusi ikivuma mashua hazivuki kwa raha, na simiti iliyowekwa kwenye ukumbi unaovuja hugeuka jiwe ndani ya mfuko. Anayeanza kumwaga zege mwishoni mwa Machi kwa sababu pesa zimeingia Machi atalipia maturubai, siku za vibarua waliokaa kungoja mvua ikatike, na pengine mifuko mipya. Wenye subira hukusanya mawe na mchanga pole pole, kisha wakajenga wakati wa kaskazi.

Kuta za chini zinasemaje?

Dhana inayowagharimu watu wa mji wa kale kuliko zote ni hii: kwenda juu ni rahisi kwa sababu kiwanja kipo, msingi upo na kuta zipo. Kiwanja kipo kweli. Msingi na kuta, ngoja kwanza. Nyumba ya zamani inabeba tayari. Kuongeza ghorofa juu yake ni kama kumwekea gunia punda aliyekwisha pakiwa: uzito wa gunia lako si hoja sana, hoja ni alichonacho mgongoni na hali ya miguu yake.

Kuta za nyumba za mawe za Lamu zina unene wa karibu nusu mita, na unene huo huwatia watu imani. Lakini ndani yake ni vipande vya matumbawe vilivyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Zinahimili vizuri uzito ulioenea sawasawa. Uzito uliorundikwa mahali pamoja zinauhimili vibaya. Dari yake ni boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, juu yake mawe na chokaa, dari nzito yenyewe. Urefu wa boriti ndio uliowapangia wazee upana wa vyumba, na ndiyo sababu chumba cha nyumba ya kale ni kirefu kama ukumbi lakini upana wake mara nyingi haufiki mita 3.

Hapo pana mtego. Mtu wa leo anataka chumba cha kitanda kikubwa, kabati, na bafu humo humo. Anataka mita 4 kwa 4. Akikipanua kuliko chumba cha chini, ukuta mpya hautakaa juu ya ukuta wa zamani. Utaangukia katikati ya boriti. Boriti hazikuwekwa kubeba ukuta. Itabidi bimu za zege, na bimu zitataka nguzo, na nguzo zitataka kushuka kupitia chumba cha bibi hadi ardhini na kuchimbiwa msingi wake. Chumba cha juu kimoja sasa kimekuwa ujenzi wa nyumba nzima, na bajeti ya kwanza haina maana tena.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya bajeti iende kwenye ukaguzi. Mhandisi wa majengo ndiye mwenye kauli ya mwisho, lakini kuna mambo ambayo hata fundi mwashi mzoefu atakuonyesha kwa nusu saa. Ataangalia mahali ncha za boriti zinapoingia ukutani, kwa sababu unyevu hukaa hapo. Atachoma kwa bisibisi. Ikigonga na kurudi, boriti ni nzima. Ikizama kimya na kutoka na unga wa kahawia, imeoza, hata kama katikati yake inang'aa kwa rangi ya mwaka jana. Ataangalia nyufa: ufa mwembamba wa plasta si neno, ufa unaopanda ngazi ngazi kutoka kona ya dirisha ni habari nyingine. Ataangalia chini ya ukuta kama plasta inamenyeka kwa chumvi. Na atatazama darini kama kuna tangi. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja iliyokaa mahali pamoja, na nyumba nyingi za mji huu zinalo juu ya boriti zilizowekwa na watu wasiojua tangi ni kitu gani.

Boriti zilizooza zikibadilishwa, weka gharama yake mbali na ya chumba kipya, ili usije kudhani fundi wa chumba amekuibia. Huuzwa kwa korja, yaani 20 pamoja, na upatikanaji wake haumtegemei mvuvi wa jirani. Ukataji wa mikoko unahitaji idhini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na waliokuwa katikati ya ujenzi mwaka 2018 serikali iliposimamisha ukataji miti wanakumbuka walivyokaa na dari wazi.

Jambo jingine, ambalo najua litanifanya nibishane na mafundi vijana: simiti juu ya ukuta wa chokaa. Inaonekana imara, inakauka haraka, na ndiyo iliyopo dukani. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na kuutoa. Chokaa huuachia njia. Plasta ya simiti huuziba. Unyevu unabaki ndani pamoja na chumvi, na baada ya misimu michache plasta inabanduka kwa vipande vikubwa, ikiondoka na kipande cha ukuta. Kwa hiyo pale chumba kipya kinapoungana na nyumba ya zamani, hesabu chokaa, na hesabu muda wake wa kukauka, kwa sababu chokaa haina haraka na vibarua wanakula kila siku. Ukiona ni ghali, linganisha na kuplasta ukuta huo huo mara mbili.

Chumvi ina njia nyingine ya kuingia kwenye bajeti yako. Mchanga wa pwani na maji ya kisima cha munyu ni vya karibu na pengine vya bure, na zege lake litashika vizuri tu siku ya kwanza. Ndani kuna vyuma. Chuma kikishika kutu kinavimba, na kikivimba kinapasua zege kutoka ndani. Mtu anatazama bimu iliyopasuka chini kwa mstari mrefu ulionyooka na anadhani fundi aliiba simiti. Pengine fundi alitumia simiti yote na kuichanganya kwa maji mabaya. Nunua maji matamu na mchanga usio na chumvi. Vilima vya mchanga vya Shela si duka la mchanga. Ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu tunayokunywa mjini, na vimehifadhiwa kisheria.

Na vile vyuma vinavyoachwa vimechomoza juu ya paa kungojea ghorofa ya baadaye? Pita Langoni utaviona kila mtaa, vyekundu kwa kutu. Baada ya miaka kadhaa ya upepo wa bahari, mhandisi mwenye kujiheshimu hatakuruhusu uviunganishe. Kama una nia ya kuendelea baadaye, vifunike kwa zege jepesi litakalovunjwa siku hiyo, au usiache kabisa. Bajeti ya awamu mbili ni jambo zuri, mradi kila awamu iishie mahali ambapo mvua na chumvi haviharibu kilichokwisha fanywa.

Bei ya futi mraba

Sasa turudi kwa yule mwenye simu. Bei ya futi mraba ni wastani wa nyumba nzima: sebule, vyumba, veranda, vyote vimechanganywa. Katika nyumba nzima kuna nafasi nyingi tupu zisizo na gharama kubwa, nazo huteremsha wastani. Chumba kimoja cha nyongeza hakina veranda ya kujificha. Kina mlango, madirisha, ngazi za kukifikia, waya wa umeme kutoka kwenye boksi, na kila kimoja kati ya hivyo kina bei ile ile chumba kiwe cha mita 9 za mraba au 16. Kadiri nyongeza inavyokuwa ndogo, ndivyo futi mraba yake inavyokuwa ghali.

Ukitia bafu ndipo hesabu inaruka. Mita tatu za mraba za bafu zinaweza kushinda chumba kizima, kwa bomba, vigae, kuzuia maji yasipenye kwenye boriti, na hasa swali la maji machafu yanakwenda wapi. Mji wa kale hauna nafasi ya kuchimba shimo popote upendapo. Visima viko karibu, na shimo lililopo linahudumia watu wa nyumba ya sasa. Liulize shimo kwanza kabla hujachagua rangi ya vigae.

Watu wakiona zege limekuwa zito na ghali hukimbilia makuti juu ya dari ya zamani, na mara nyingi ni uamuzi wa busara: paa jepesi, nguzo chache, upepo mwanana. Ila makuti yana bei mbili, ya leo na ya kuezeka upya baada ya miaka mitano hadi kumi, na moto wake hausimami kwenye mpaka wa nyumba yako. Weka zile bei zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuyaita rahisi.

Kibali, na wenye nyumba

Hapa nitapita haraka. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha serikali ya kaunti kabla ya ujenzi, na nyongeza ni ujenzi. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Ndani ya mji wa kale, ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, utahitaji pia kupita kwa watu wa uhifadhi walio chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Wataangalia urefu, umbo la madirisha na vifaa vinavyoonekana kutoka nje. Nenda kwao na mchoro wa mkono kabla ya kulipia mchoro kamili. Wengi huwaogopa, wakajenga usiku usiku, wakaja kubomolewa mchana.

Kuhusu jirani: wazee walipojenga wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, haikuwezekana bila makubaliano ya pande zote mbili za mtaa. Ukuta wako mpya ukikaa juu ya ukuta unaochangia na jirani, hali ni ile ile.

Lakini wenye uzito zaidi ni walio ndani. Nyumba nyingi za hapa ni za mirathi, hazijagawanywa, na anayetaka kujenga juu ni ndugu mmoja mwenye kazi Mombasa au Doha. Anatuma pesa, chumba kinasimama, kila mtu anamshukuru. Miaka kumi baadaye nyumba inataka kuuzwa au mzee anafariki, na swali linakuja: kile cha juu ni cha nani, na pesa zake anarudishiwa? Mambo haya hufika Mahakama ya Kadhi yakiwa yameshaharibu udugu. Karatasi ya ukurasa mmoja, iliyosainiwa na warithi wote pamoja na mashahidi, ikisema aliyejenga anapata nini na asipate nini, ina gharama ndogo kuliko mlango. Iingizwe kwenye bajeti kama kifaa kingine chochote.

Fundi, akiba na mkopo

Kuna njia mbili za kumlipa fundi. Ya siku, ambapo kila jioni unahesabu vichwa. Ya mkataba wa kazi, ambapo mmekubaliana jumla na kuilipa kwa hatua. Watu hudhani ya siku ni rahisi kwa kuwa kila malipo ni madogo. Kwa kazi inayojulikana vipimo, kama kuta na plasta, mkataba hukulinda zaidi. Kwa kazi ya kufungua dari ya zamani, ambayo hakuna ajuaye kilichomo, fundi mwaminifu atakataa mkataba au ataweka bei kubwa ya kujikinga. Hapo malipo ya siku, wewe ukiwepo, huwa ya haki kwa wote wawili. Changanya njia hizo bila aibu. Usilipe hatua ya mbele kwa maneno ya "Ami, nisaidie tu kidogo, kesho tunamwaga." Kumwaga kuje kwanza, ami atasaidia.

Akiba ya dharura ni sehemu ya bajeti tangu siku ya kwanza. Kwa ujenzi mpya watu huweka asilimia 10. Kwa nyumba ya zamani weka 15 hadi 20, na ukaguzi ukikuta boriti hata moja ya kubadilishwa, usiwe chini ya 20. Kwa kazi ya shilingi 1,000,000 hiyo ni 200,000 ambazo hazigusi vigae vizuri zaidi wala geti. Ukiona huna hizo, punguza chumba.

Ukikopa, muulize mkopeshaji swali moja: riba inahesabiwa juu ya nini? Mkopo wa shilingi 600,000 kwa miaka 3 kwa asilimia 12 kwa mwaka, riba ikihesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo hadi mwisho, utalipa 216,000 juu ya ulichokopa. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki kila mwezi, utalipa karibu 117,000. Asilimia ni ile ile 12, na tangazo ukutani ni lile lile. Sacco nyingi hutumia njia ya pili. Wakopeshaji wengine hawasemi mpaka uulize.

Kwa wasiotaka riba, iliyozoeleka ni murabaha: benki inanunua vifaa, inakuuzia kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Watu huelewa hapo na kusaini. Wanachosahau ni kwamba murabaha ni biashara ya bidhaa. Inanunua mawe, simiti, vyuma na mbao. Ujira wa mwashi, hamali wa ufukweni na mwenye punda si bidhaa, na pesa zao zitoke kwako taslimu. Nimeona rundo zuri la vifaa vya murabaha limekaa ukumbini mwaka mzima kwa sababu hapakuwa na pesa za kuvijenga. Kuna mkataba mwingine, istisnaa, ambao unagharimia kitu kijengwe hadi kikamilike na hulipwa kwa hatua. Uulizie kama benki yako inautoa kwa kazi ndogo.

Na kama hoja yako ni kwamba chumba kitajilipa kwa wageni, fanya hesabu kwa miezi ya Mei na Juni, si kwa Desemba wala wiki ya Maulidi. Kisha jiulize deni lingelipwaje baada ya utekaji wa wageni wa mwaka 2011, baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, au katika mwaka 2020 ndege zilipokaa chini. Chumba ambacho hesabu yake inasimama kikiwa tupu nusu ya mwaka, jenga. Ambacho kinahitaji kujaa kila wiki ndipo benki ilipwe, kijenge kwa ajili ya watoto wako na ukigharimie hivyo, kidogo kidogo, bila benki.

Lililobaki ni malipo ya mwisho. Mwandikiane tangu mwanzo kwamba asilimia 5 hadi 10 ya ujira itabaki mkononi mwako kwa miezi michache baada ya kazi kuisha. Kama chumba kimekamilika Februari, makubaliano yaseme fundi atachukua salio lake mwishoni mwa Juni, mmekwisha pita pamoja chini ya dari, kona kwa kona, mkitafuta madoa ya maji.